Siku Bato Iliponiacha kwenye Kisiwa cha Mafunjo

Nikisema hii habari haya inanishika mpaka masikioni, kwa hiyo niiseme haraka: mimi njo yule binti wa choral, kwaya ya kanisa, aliyeachwa na bato. Kama umeisikia sokoni Kamina, au kwenye benchi za kanisa (na umeisikia, kwa sababu Clémence amemwambia kila mtu mwenye masikio), ujue aliyosimulia ni kweli yote, isipokuwa pale anaposema nililia kama mtoto wa miaka mitatu. Nililia kidogo tu, tena nimewapa watu mgongo.

Ilikuwa wakati wa vita. Vita yenyewe ilikuwa mbali, huko kaskazini, lakini kwetu ilifika kwa njia ya karatasi: hakuna aliyesafiri bila karatasi. Choral yetu ilikuwa imealikwa Mulongo kwenye sikukuu ya kanisa la huko, na Maître Ilunga, mwalimu wetu wa nyimbo, alizunguka ofisi za wakubwa siku nne nzima mpaka akapata karatasi moja yenye mihuri mitatu na majina kumi na nane. Karatasi moja kwa sisi wote. Tulipanda treni mpaka Bukama, na hapo tukaingia kwenye bato inayoshuka mto Lualaba, chombo kikubwa cha chuma, chini mbuzi na mifuko ya muhogo, juu sisi tumepangwa na uniforme zetu, blauzi nyeupe na sketi ya bluu, maana Maître alisema tuvae hivyo njia nzima ili askari waone kwamba sisi ni watu wa Mungu.

Basi, kila bandari ndogo bato ilisimama kupakia samaki, na kila iliposimama Maître alitushusha wote kwa mstari kwenda kumsalimia mchungaji wa pale. Huko kuna sala, halafu wimbo, halafu (hapa njo ugonjwa wangu) kila mmoja anasimama mbele ya watu anasema jina lake, darasa lake, na papa yake anafanya kazi gani. Bandari ya kwanza nilikiambia kiatu changu jina langu. Bandari ya pili mama mmoja wa nyuma akapaza sauti, "Mutoto, rudilia, hatukusikia!", nikarudia, na hata mara ya pili hakusikia. Tulipokaribia bandari ya tatu nikaamua kwamba mimi siendi nao. Nitashuka peke yangu, nitembee peke yangu, nione kitu ambacho watu wa Kamina hatuna: visiwa vya mafunjo vinavyoelea juu ya maji, na watu wamejenga nyumba juu yake na wanapika bukari, ugali wetu, humo.

Uamuzi ulikuwa mdogo hivyo, sikuona ubaya wowote. Nikamvuta Clémence, jirani yangu wa nyumbani, soprano mwenye mdomo, nikamwambia, "Maître akiuliza, sema minaumwa tumbo, minalala kule nyuma kwenye mifuko."

"Na bato ikienda?"

"Clémence, minyi ni mutoto wa reli."

Lazima nieleze. Papa yangu anafanya kazi gare, kwenye stesheni ya treni, yeye ndiye anayegeuza njia za reli, na sisi watoto wa kambi ya reli tumekulia kwenye firimbi ya treni. Pale kwetu firimbi ya kwanza maana yake mizigo ipande. Ya pili maana yake watu waanze kuagana. Ya tatu maana yake treni inaondoka, na hata baada ya hiyo ya tatu bado unapata nafasi ya kununua yai, kulimenya, na kumrudisha bibi aliyesahau kushuka. Nilijua hayo kabla ya kujua kusoma. Haikunijia hata kidogo kwamba bato ni ukoo mwingine.

Wenzangu wakaenda na mstari wao, mimi nikapita upande wa mbuzi, nikateremka ubao, nikafuata mwambao. Mama mmoja anayeuza samaki, Mama Kalenga, alikuwa anavuka kwa mtumbwi kwenda kwake kisiwani, nikamsalimu kwa Kiluba, "Wakomapo, mama", akanitazama na blauzi yangu nyeupe, akacheka, akanipakia.

Sitadanganya, ile saa moja ilikuwa nzuri kuliko siku nyingi nilizoishi. Ukikanyaga, kisiwa kinashuka kidogo kama godoro na maji yanatoka katikati ya vidole. Kuku wanatembea juu yake bila wasiwasi. Mama Kalenga alinikaangia visamaki vidogo, akaniuliza jina langu, nikamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa, na hakuna aliyeniambia nirudie.

Honi ikalia. Moja, ndefu.

"Mutoto, bato yenu inaenda," akasema Mama Kalenga.

"Apana, mama. Ile ni ya kwanza. Banapakia kwanza bintu."

"Nani alikuambia?"

"Minyi ni mutoto wa reli," nikasema (sentensi hiyo nikiisikia leo natamani kujificha chini ya kitanda), na nikaongeza kisamaki kingine mdomoni.

Nikangoja ya pili. Kuku akapita. Nikangoja tena. Halafu juu ya mafunjo nikaona paa la bato linapita polepole, na sauti za choral, maana Maître huwaimbisha kila tunapong'oa nanga, zikaja wazi juu ya maji. Waliimba vizuri sana. Hilo liliniuma kuliko yote: nilikuwa sipo na wimbo haukupungua kitu.

Nikapiga kelele, lakini kelele yangu mnaijua, haivuki hata meza. Mama Kalenga ndiye aliyepiga, akashika kichwa, akamwita Mungu kwa Kiluba, "Vidye wetu! Uyu mutoto!" Bato ikapinda kona, kwisha. Na Clémence, kumbe, wakati huohuo alikuwa anafanya kazi niliyomtuma: Maître anahesabu watu, anaona mmoja hayupo, Clémence anajibu, "Numbi iko nyuma, tumbo inamuuma, muache alale." Uongo wangu ulinifunga kamba vizuri.

Bahati yangu ni kwamba Mama Kalenga alikuwa anapeleka samaki wake Mulongo siku hiyohiyo, na mtumbwi unakata katikati ya mafunjo pale ambapo bato lazima izunguke na mto. Lakini mtumbwi ulikuwa umejaa vikapu vya samaki wakavu, nafasi ya mtu mmoja tu, naye ndiye mpiga kasia. Kwa hiyo nilikaa juu ya vikapu. Njia nzima. Na kwa kuwa mtumbwi ulikuwa unavuja, nilipewa kopo nichote maji, na maji ya chini ya samaki (sitayaeleza) yalinirukia blauzi mpaka nikasahau ilikuwa na rangi gani.

Tulipotokea Mulongo niliiona bato imeshafunga kamba, na choral yangu imekaa mchangani kwenye jua, mistari miwili. Nikadhani wanafanya mazoezi. Halafu nikaona askari. Mkubwa wao alikuwa na karatasi yetu mkononi, na mbele yake amesimama Maître Ilunga, kofia mkononi, jasho linamtiririka.

"Juu ya karatasi beko kumi na munane," mkubwa alikuwa anasema. "Juu ya muchanga beko kumi na saba. Mumoja alishukia wapi? Alienda kuambia nani habari yetu? Maître, utalala ku kambi mpaka aonekane. Na bato haitoke."

Watu wa bato walianza kunung'unika, mbuzi nao. Mama Kalenga akanisukuma mgongoni, nikaenda.

"Shefu, njo minyi," nikasema.

"Nini?"

"Njo minyi. Wa kumi na munane."

Akanitazama kuanzia kichwani, magamba ya samaki, mpaka miguuni, tope. "Weye? Weye uko muuza samaki. Banakuleta ili wamutoe huyu mwalimu." Na wenzangu wote wakapiga kelele pamoja, "Ni yeye, shefu! Njo Numbi!", akawageukia, "Munyamaze! Atakayefungua kinywa ataenda ku kambi naye." Halafu kwangu: "Unasema uko wa choral. Imba."

Akina mama wa samaki wakaweka vikapu chini wasikie vizuri. Nikamtazama Maître, macho yake mekundu, na nikaelewa kwamba nisipofungua kinywa changu huyu mtu analala kwenye kambi ya askari kwa sababu mimi niliona haya kusema jina langu kwa mchungaji. Nikafunga macho, nikaimba.

Sasa, mimi ni alto. Kama hujui alto, ni ile sauti inayokaa katikati kama mtu aliyekosa kiti, inarudia noti moja tu, moja, moja, inapanda kidogo, inajuta, inarudi. Pamoja na wengine ni tamu. Peke yake si wimbo.

"Iyo ni wimbo gani?" akauliza mkubwa wa askari.

"Anaita mbuzi yake!" akajibu mama mmoja, na pwani ikaangua kicheko.

Niliendelea, sijui kwa nini, labda nilisahau namna ya kunyamaza. Nikafika kwenye ubeti wa pili, pale sauti inapotakiwa kupanda, na kama siku zote nikaiangusha chini, puu. Na choral yote, watu waliokatazwa kupumua, wakatoa sauti moja ya maumivu: "Aaaah!"

Maître Ilunga akatupa kofia yake mchangani. "Mon commandant! Ule ni wangu! Ile noti, mwaka muzima minamufundisha ile noti! Hakuna mwengine mu Congo nzima anaiangusha vile!"

Mkubwa wa askari alijikaza, midomo ikamcheza, akashindwa, akacheka mpaka akashika bunduki ya mwenzake ili asianguke. Akapiga muhuri. "Mutoke. Mumufundishe kwanza, njo mumutembeze."

Clémence alinikumbatia, kisha akaniachia haraka kwa sababu ya harufu. Maître hakunigombeza siku hiyo. Alisema tu, "Numbi, nilikuwa ninaona mama yako, na sina neno la kumwambia," akaenda kuokota kofia yake. Ningependa zaidi anipige. Hapo njo nikawapa watu mgongo, nikalia kidogo.

Siku ya sikukuu watu wa Mulongo walijaa mpaka madirishani, na nasikia nusu yao walikuja kumwona mwenye mbuzi. Nilisimama mstari wa mbele nimevaa kitenge cha Mama Kalenga, nikawaona, nikaimba hivyohivyo. Baada ya yale ya mchangani hakukuwa na haya nyingine ya kuogopa.

Basi naapa hapa kwenye daftari langu, na kama Clémence analisoma bila ruhusa na awe shahidi: sitamtuma tena mtu aseme uongo juu ya tumbo langu, na sitashuka kwenye chombo cha mtu kabla ya kumwuliza mwenyewe anaondoka kwa honi ngapi. Ila kutoshuka kabisa, hapana. Hilo sikuapa.