Ua la Jumamosi

Watu wa mtaa ule walijaliwa pua za ajabu: harufu ya jirani iliwaumiza, ya ng'ambo waliisafiria. Ndivyo alivyowaza Shinbori Tokie kwenye foleni ya nyumba ya vioo, katika bustani ya mimea ya mji, taulo shingoni, jasho la Julai likimchuruzika mgongoni.

Baa yake ilikuwa na viti saba na sifa moja: kusaya, yaani ng'onda, samaki wakavu wa kisiwani kwao, waliolowekwa katika maji ya chumvi yasiyopata kumwagwa tangu enzi za bibi yake. Makaani walinuka hata mbwa akageuza njia. Mdomoni walimnyamazisha mlaji. Mwezi ule mzee Inokuma, mwenyekiti wa umoja wa mtaa, alimjia na boksi la biskuti na tabasamu, akasema majirani "wanasumbuka kidogo tu". Tokie alielewa. Kwenye mkutano wa Jumapili angeombwa kwa upole aache kuchoma, na ombi la upole mtaani pale lilikuwa amri iliyovishwa hariri. Bila kusaya, baa ingebaki viti saba na mjane mmoja.

Kuikosa safari ya mtaa ya Jumamosi hii kungekuwa kujitangazia vita. Basi akaja, kulitazama ua kubwa la Sumatra linalosifika kwa kunuka mzoga.

Ua lilikuwa limechanua Alhamisi jioni, na harufu yake ni ya usiku mmoja. Mwenye akili angekwenda usiku uleule. Lakini barua ya mzunguko ilikwisha kupita nyumba kwa nyumba ikisema Jumamosi, na barua ikishagongwa mihuri, ua ndilo lililopaswa kungoja.

Halikungoja. Walipoingia, lilisimama refu kupita mtu, vazi lake la zambarau limeanza kunywea. Tokie alivuta pumzi: udongo mbichi, majani, basi. Akawaona wenzake nao wakivuta, wakitazamana kwa pembe za macho. Ndipo mwenyekiti akajiziba pua kwa leso.

"Lo! Balaa gani hii!"

Ikawa kama ruhusa.

"Uwii, kama panya aliyefia darini!" akalia Bi Hatsumi, mwenye duka la dobi. "Macho yananitoka machozi!"

"Mie natapika, jamani," alisema mumewe, huku akimalizia tonge lake la wali.

"Tapikia kule, baba. Hivi viatu vipya."

Watu wazima, wenye wajukuu, wameziba pua mbele ya harufu isiyokuwapo! Tokie alitamani kucheka hadi vioo vipasuke.

"Mama Tokie," mwenyekiti akamgeukia, "wewe ndiye mzoefu. Unasemaje?"

Wakaangua kicheko. Kusema kweli kungemfedhehesha mzee mbele ya mtaa mzima, na Jumapili angelipa. Tokie naye akajiziba pua.

"Nimesalimu amri, mwenyekiti! Ila hebu tuamulie, wewe mwenye pua ya haki: hili na samaki wangu, kipi kinanuka zaidi?"

Kicheko kikakatika. Mzee alilitazama ua kama mtu anavyomtazama shahidi aliyemkimbia. Akisema samaki, amekiri kwamba aliwaanika watu juani kwa ajili ya ua lisilonuka.

"Ua," alisema. "Ua ni kiboko."

"Kwa mbali?"

"Kwa mbali sana. Samaki wako hapa ni... ni marashi."

"Mmesikia, jamani?"

"Tumesikia," alijibu Bi Hatsumi, pua bado kaibana, sauti ikimtoka kama ya bata.

Jumapili mkutano ulijadili kunguru wanaotawanya takataka, kwa kirefu na kwa uchungu. Harufu haikutajwa. Tokie alimimina chai, akainama kwa kila mmoja. Alikuwa ametarajia furaha. Kilichomjia ni dharau, wala haikuwaelekea wao peke yao. Yeye naye aliziba pua.

Jumatatu aliwasha makaa mapema, akabandika ng'onda wawili badala ya mmoja, akautazama moshi ukipanda taratibu kuelekea dirisha la mwenyekiti. Dirisha lilibaki wazi, kwa adabu.