Mweupe ni Udongo

Ukifika Pasiansi ukauliza kwa Teodora, utaonyeshwa kibao cha rangi ya bluu: UDONGO MWEUPE, NGOZI NA NYWERE. Teodora ni Mjita, na akiandika, l na r kwake ni mapacha. Wanafunzi wanaopita humcheka, naye huwajibu kwamba nywele hazijui kusoma.

Udongo wenyewe huuleta kutoka kwao Majita, kando ya ziwa. Huuanika, huutwanga kwenye kinu, kisha huuchekecha kwa kitambaa mpaka ulainike kama unga wa muhogo. Udongo huo huondoa mafuta na jasho usoni na kichwani. Muujiza mwingine hauna.

Siku moja akaja Gladness, binti wa kaka yake, zikiwa zimebaki wiki sita afunge ndoa.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Hilo kopo mkobani la nini?"

"Mkorogo. Nataka niwe mweupe kwenye picha. Ila nimesikia huu udongo wako mweupe unang'arisha, tena hauchubui. Kweli?"

Teodora alilitazama lile kopo. Jibu la kweli lilikuwa fupi: hapana. Lakini akilitoa tu, mtoto atafungua kopo.

"Jipake mara mbili kwa wiki. Unawe kabla haujapasuka. Na hilo kopo niachie."

"Nabaki nalo," alisema Gladness. "Udongo ukishindwa, nalifungua."

Teodora alijitetea kwamba hajasema uongo, amenyamaza tu. Lakini kunyamaza kwa namna ile na uongo ni ndugu wa tumbo moja, na alilijua hilo kila alipoushika mchi.

Wiki ya nne Gladness alirudi. Vipele alivyokuwa navyo usoni vimekwisha, ngozi nyororo, weusi uleule.

"Shangazi, mbona siwi mweupe?"

"Na hutakuwa. Mweupe ni udongo, si wewe."

"Kwa hiyo umenidanganya mwezi mzima!"

"Nimekudanganya. Tena si wewe peke yako. Haya madoa usoni, ukoo mzima niliuambia nilirukiwa na mafuta nikikaanga sato. Na hapa je?" Akamnyooshea mikono, vifundo vya vidole vyeusi tii. "Mkorogo huo, mwanangu. Miaka saba. Mtaani waliniita uso Fanta, vidole Koka, nami nikicheka nao. Hiyo ngozi unayotaka kuitupa, mimi ninaionea wivu."

Gladness aliondoka bila kuaga, kopo likiwa mkobani.

Siku ya harusi Teodora alikaa benchi la mwisho kanisani, macho chini. Aliogopa kuuona uso wa bibi harusi. Vigelegele vilipolipuka ndipo akageuka. Gladness alikuwa anaingia, mweusi vilevile alivyozaliwa, anang'aa. Teodora alilia waziwazi, na hakujali nani anamtazama.

Wiki iliyofuata Gladness akatokea Pasiansi, mkononi ana kopo. Teodora akaruka.

"Kopo tena?"

"La rangi, shangazi. Lile lingine nimelitumbukiza chooni, na chooni halitoki."

Akachuchumaa mbele ya kibao, akaongeza mstari chini kwa herufi kubwa: MWEUPE NI UDONGO, SI WEWE. Kisha akaielekezea brashi ile 'nywere'.

"Na hii niirekebishe?"

"Hiyo iache," alisema Teodora. "Hiyo haijamdanganya mtu."