Kontena Mlangoni kwa Jirani

Mtaani walimwita Kiguu na Njia, na jina lenyewe alilicheka huku ameshanyanyuka kwenda kwingine. Alikuwa mjane, fundi cherehani wa sare za shule, lakini hata kwenye cherehani hakutulia. Atashona mkono mmoja wa shati, akachungulie sufuria jikoni, arudi ashone ukosi, kisha huyo uani kutazama mawingu. Mawingu ndiyo yaliyomkosesha raha zaidi. Paa lake lilikuwa limeoza, na mvua ikinyesha alihamisha vitambaa kona hadi kona kama paka anayehamisha watoto.

Alijibana mpaka akaweza kuezeka upya. Fundi wa paa alipokuja kukagua, aligonga boriti moja kwa nyundo, ikamwaga unga kama gunia lililotoboka.

"Mama, hapa hakibaki kitu," alisema. "Mabati, mbao, dari, vyote chini. Ila uchafu wake utauweka wapi? Uani kwako hata kuku hapati pa kugeukia."

Akamshauri akodi kontena la taka, lile la chuma ambalo lori hulileta na kuliacha, na likijaa hulirudia.

Siku ya kazi ilipofika, Kiguu na Njia hakuweza kungoja. Alikwenda dukani kuongeza misumari ambayo hakuna aliyemtuma. Huku nyuma lori likafika. Dereva akamuuliza fundi aliyekuwa juu ya paa aliweke wapi. Fundi alikuwa amebana misumari midomoni, akaelekeza kwa kidevu. Kidevu cha mtu aliye juu ya paa huelekeza popote. Dereva akalishusha kontena mbele ya geti la jirani, likaliziba lote, akaondoka.

Jirani huyo aliitwa Baba Pacha, dereva wa teksi. Miaka kadhaa nyuma upepo ulikuwa umeng'oa bati kwenye paa la Kiguu na Njia, likaangukia kioo cha mbele cha teksi yake. Kiguu na Njia akasema upepo ni kazi ya Mungu. Tangu siku hiyo salamu zilikatika, wakawa wanapishana njiani kama watu wawili waliokosea mtaa.

Kiguu na Njia aliporudi na misumari yake, alimkuta Baba Pacha amesimama kando ya kontena, funguo za gari mkononi.

"Hili dude ni lako?"

"Langu."

"Basi liondoe. Gari limo ndani, na saa kumi nina mzee wa kumpeleka hospitali akasafishwe figo. Hapandi gari la mtu mwingine, ameshanizoea."

Kiguu na Njia alipiga simu ofisini kwa wenye kontena, huku akienda na kurudi barabarani. Binti aliyepokea alimjibu kwa upole uleule unaoudhi. Lori lilikuwa limeshafika upande wa pili wa mji. Lingepita tena alasiri likielekea dampo. Likikuta kontena limejaa, lingelibeba. Kulisogeza tu, leo hawakuwa na nafasi.

"Kwa mwendo wetu litajaa kesho jioni," fundi alisema kutoka juu.

Baba Pacha alitazama paa, akatazama kontena, akaingia ndani kwake. Kiguu na Njia alidhani amekwenda kuita mjumbe wa mtaa. Kumbe alikuwa akibadilisha nguo. Alitoka na ovaroli kuukuu na glavu.

"Haya, tubomoe."

Yakawa mabati juu kwa juu. Fundi aling'oa, Baba Pacha alipokea, Kiguu na Njia alikimbiza mbao hadi kontenani, vumbi limempaka kope. Akaanza kuyalaza mabati moja juu ya jingine, kingo kwa kingo.

"Mama, usiyapange kama sare!" Baba Pacha alifoka. "Yatupe yasimame! Tunataka lijae upesi."

Wakacheka, kisha kila mmoja akashtuka kwamba amecheka. Jirani wa tatu akaja kuomba kutupa godoro lake. Siku nyingine Kiguu na Njia angemfukuza. "Lete!" alisema. "Na kabati pia, kama unalo."

Katikati ya kazi hiyo Baba Pacha akasema, bila kumtazama, "Kile kioo kilikuwa kioo tu. Nilikibadilisha. Ila wewe hata pole hukunipa."

Kiguu na Njia alisimama na mbao kifuani. Kwa mara ya kwanza siku hiyo, miguu ilitulia.

"Niliogopa," alisema. "Nilidhani nikisema pole nitakuwa nimekubali kosa. Pole, Baba Pacha."

"Nishapoa, dada. Shika upande huu."

Lori lilipofika, kontena lilikuwa limefura mpaka juu ya ukingo. Dereva akatikisa kichwa. "Kichuguu sibebi. Kitanimwagikia njiani."

Basi wakapanda juu yake wote, hata fundi, wakaruka na kukanyaga, mabati yakilia na kujikunja. Dereva mwenyewe akasindilia godoro kwa buti. Hatimaye akafunga turubai, akainua mzigo, na teksi ikachomoka getini kama iliyofukuzwa, dereva wake angali na ovaroli.

Hapo ndipo Kiguu na Njia alipoinua macho, akaona kuta za nyumba yake bila paa, na mawingu mazito yanasogea. Paa la siku mbili walikuwa wamelishusha kwa mchana mmoja. Kabla hajaita mtu, mke wa Baba Pacha alikuwa ameshakamata cherehani upande mmoja.

"Unangoja nini, mwenzangu? Beba!"

Baba Pacha alirudi mvua ikimwagika, akakuta sebule yake imejaa mashati ya shule. Mzee wake wa figo alikuwa amewahi zamu yake, ingawa alimkemea njia nzima kwa kunuka vumbi.

"Kaa basi, dada," Baba Pacha alimwambia Kiguu na Njia, aliyekuwa anazunguka toka dirisha hadi dirisha.

Alikaa. Akanywa chai nusu kikombe, kisha akanyanyuka kwenda kumsaidia mke wa Baba Pacha kuosha vyombo.

Alilala kwao mpaka fundi alipopigilia bati la mwisho, na hakuna siku waliyomkuta kitandani asubuhi.