Sura ya Koko Iliyochapishwa Beni

Koko, mama yake mama yangu, alikufa bila kuacha picha hata moja. Ile iliyokuwepo ilibaki kijijini siku walipokimbia, na nyumba yenyewe haikuonekana tena. Kwa hiyo familia ilipoamua kukutana Beni kujengea kaburi lake na kuweka msalaba, mama aliniambia, "Wewe unachoraka. Utuchoree koko."

Mimi huchora vibao vya maduka kule Kimemi, mjini Butembo: kinyozi, dawa, mushonaji wa nguo. Binamu yangu alikuwa ameniachia tableti yake yenye kalamu na programu ya kuchorea, nami nilikuwa bado najifunza peke yangu, kwa kubonyeza na kuona kinachotokea. Koko sikumjua.

Nilichorea nyumbani kwetu Bulengera, mama akiwa kando yangu na sinia la maharagwe. Aliangalia kioo cha tableti zaidi kuliko alivyoangalia maharagwe.

"Pua hapana vile. Ilikuwa mwembamba."

Nikaipunguza.

"Macho iko ya mutu mwenye kukasirika. Mama hakukuwaka mukali."

Nikayalegeza. Mwisho akasema, "Njo yeye," yaani ndiye huyo, akapangusa mikono na kwenda jikoni.

Nikaituma kwa simu kwa mama mudogo, ndugu yake mama, anayekaa Bungulu, mjini Beni. Alipiga papo hapo.

"Huyu ni nani?"

"Koko."

"Koko gani? Mama alikuwa na paji kubwa, na mashavu yenye kujaa. Na alikuwaka mukali sana! Yaya amesahau?" Yaya ni mama yangu, dada yake mkubwa.

Sikutaka kumuudhi yeyote. Katika programu ile mchoro hukaa kwa tabaka, kama karatasi angavu zilizolaliana, na kila moja unaweza kuificha au kuionyesha. Basi uso alioutaka mama niliuacha chini, nikachora wa mama mudogo katika tabaka la juu. Mama akija, nauficha wa juu. Mama mudogo akiuliza, naufunua. Wote wawili wakaridhika, na mimi nikawa sijui tena namchora nani.

Nilipopeleka faili kwenye secrétariat public, duka la kuchapisha karibu na soko, ili waijaribu, mwenye duka alibonyeza, akabonyeza tena.

"Haifunguke. Hii ni ya programu yako tu. Rudi ufanye exporter, ulete JPEG."

Nilikuwa nadhani enregistrer, kuhifadhi, na exporter, kuitoa picha nje ya programu, ni kitu kimoja: ukishahifadhi, umehifadhi. Nikarudi, nikajaribu. Koko akatoka ameketi katika weusi mtupu, usuli wote umepotea. Nikachagua aina nyingine, weusi ukawa weupe. Nyingine tena ikatoka ndogo, hata ukiuvuta uso unakatika vipande vya mraba. Sasa tableti ilijaa makoko yenye jina moja, na sikukumbuka yupi alimtangulia yupi. Mama mudogo alikuwa ananipigia: mchapishaji wa Beni anangoja. Nikafuta yote, nikafungua mchoro wenyewe, nikaexporter upya, nikatuma bila kuangalia vizuri.

Barabara ilikuwa inapitika wiki hiyo. Tulifika Bungulu na mama, na mama mudogo akaikunjua bâche, turubai lililochapishwa picha, mezani mbele yetu.

Nilimwona mwanamke ambaye sikumchora. Siku moja nilikuwa nimepunguza uzito wa tabaka la juu ili la chini lionekane na nilinganishe macho, nikasahau kuurudisha, na nyuso zote mbili zilikuwa zimetoka pamoja, moja ikipenya katika nyingine. Pua haikuwa nyembamba wala pana. Macho yalikuwa laini chini ya paji kubwa. Alionekana kijana.

"Ulifanya nini?" mama akauliza polepole.

Nikaanza kueleza tabaka, exporter, haraka ya mchapishaji. Hawakuwa wakinisikiliza. Mama mudogo alikuwa ameshika mdomo.

"Yaya," akamwambia mama, "haiko mama huyu. Ni yaya mukubwa."

Mama akainama karibu. "Ni yeye," akasema. "Haki ya Mungu, ni yeye."

Sikuwahi kusikia kwamba walikuwa na dada mwingine. Nikauliza ni nani.

"Alitutangulia kuzaliwa," mama akajibu. "Alikufa angali musichana. Mama hakupenda tutaje jina yake."

Nikatoa tableti. Nilisema naweza kurekebisha, muda upo. Mama akaweka kiganja juu ya kioo.

"Acha."

"Lakini mama, batu bataombea koko mbele ya picha ya mutu mwingine!"

"Baombee bote wawili."

Kesho yake mchungaji aliomba mbele ya ile picha. Baadaye mzee mmoja mwanamke, jirani wa koko tangu kijijini, akanishika mkono. "Umemupata koko yako vizuri sana," akasema, machozi yakimtoka. Nikamtazama mama, alikuwa anapakua wali. Nikasema tu, "Aksanti, mama."

Kwenye gari la kurudi Butembo mama alinieleza habari za yule dada, alivyokuwa akimbeba mama mgongoni kwenda mtoni, alivyoogopa radi. Nikamuuliza kama kweli alifanana na koko.



"Sijue," akasema. "Nilikuwa kadogo. Sura yao bote sikumbuke tena sawasawa."