Kumwashia Taa Mungu wa Jua

Siku yangu ya kwanza kwenye makumbusho, hapa London, nilikabidhiwa ngazi, glavu na onyo.

"Wewe kijana wa Tanga," alisema Fundi Mkuu wa Taa, mama wa Kihindi aliyezaliwa Kisumu na kuhamia Wembley, "hapa hatuchomi mishikaki. Mwanga unakula rangi."

Shule niliiacha darasa la saba. Nilikuwa nimeosha vyombo, nimepakia mizigo ya ndege nikiishi Hounslow, na kila kazi ilinichosha upesi. Hii ilinishika kwa maswali yake. Tulipima mwanga kwa kifaa cha mkononi, tukaupunguza kwa dima, yaani swichi ya kuzungusha, mpaka kipimo kiseme chombo kiko salama.

Kisha ikaletwa karatasi ya mafunjo kutoka Misri ya kale, imechorwa jua katika sura tatu: asubuhi Khepri, dundu anayeviringisha jua, mchana Ra, mwenye kichwa cha kipanga, jioni Atum, mzee aliyejiumba mwenyewe. Tukawasha mwanga ulioruhusiwa. Hatukuona kitu ila weusi.

"Irudi ghalani," alisema Mhifadhi Mkuu, bosi wa vitu vyote vya Misri, kwa huzuni. "Nani atapanga foleni kutazama kivuli?"

Nilikuwa nimeipenda karatasi ile. Ili kumchelewesha tu, nikamuuliza, "Bosi, huyo Atum alijiumba akiwa wapi?"

"Kwenye maji ya giza. Hapakuwa na kitu kingine."

Mama Fundi akapiga makofi. "Wacha we! Basi na wageni wapite gizani kwanza!"

Tukaupaka rangi nyeusi ujia wa kuingilia, tukapanga taa zake kila moja iwe hafifu kuliko iliyotangulia, ili macho yazoee. Mwanga wa karatasi hatukuugusa.

Milango ilipofunguliwa, wageni waliingia kwa kelele, wakanyamaza ujiani, wakatokea ukumbini. Mama mmoja wa kitenge akamvuta mwenzake: "Mwone huyo dundu, shoga, anavyowaka!"

Mhifadhi Mkuu alicheka hadi akavua miwani. Karatasi ikabaki.

Nami nikabaki, hadi nilipostaafu. Mimi ambaye sikuwahi kumaliza hata majira mawili kwa tajiri mmoja. Vijana wa mtaani kwangu, hapa Barking, wakiniuliza kazi ile ilikuwaje, nawaambia: chombo kisipoonekana, usikimbilie kuongeza taa. Angalia kwanza mtazamaji ametoka wapi.