Treni Iliyokataa Kusimama

Waliomwita Pilipili hawakumwonea. Alikuwa mfuaji wa mashuka katika hospitali kuu, mwanamke mfupi, mikono imechubuka kwa sabuni, na ulimi wake haukuwa na breki. Reli ya treni ya umeme ilipokuja mtaani ilimega jiko lake na choo cha jirani. Akameza hasira. Si waliambiwa nao watapanda?

Treni ikaanza, ikapita. Vituo vilijengwa kwenye maduka ya vioo na kwenye majumba yenye bustani. Kwao ilipiga honi tu, vyombo vikatetemeka kabatini, basi. Pilipili akaendelea kwenda kazini kwa miguu, na wifi yake, anayetembea kwa magongo, akaendelea kukosa kliniki.

Kwenye mkutano wa wakazi, ofisa wa mradi aliwaambia wavute subira. Kituo chao kingekuja awamu ijayo.

"Mlipolitaka jiko langu, mbona hamkungoja awamu ijayo?" Pilipili aliuliza.

Ofisa akacheka. Ahadi hewa Pilipili alishazizoea. Kicheko kile ndicho kilichomchoma hadi kwenye mfupa.

Kesho yake alibeba kiti cha plastiki, akakiweka kando ya uzio wa reli, akaketi kama abiria. Wifi akafuata, kisha mshona viatu, wauza mboga, walimu wa shule ya jirani. Kila treni ilipokaribia waliinuka, wakanyoosha mikono kuisimamisha. Waliokuwa ndani waliinamia simu zao.

Polisi wakaja kuuliza wanafanya nini pale.

"Tunasubiri treni," wifi akajibu. "Imechelewa kidogo."

Walifukuzwa, wakarudi. Msimamizi wa chumba cha kufulia alimwonya Pilipili kwamba kazi itaota mbawa. Akaomba zamu ya jioni, asubuhi akaketi palepale, mvua ikimnyeshea. Hatimaye dereva mmoja akasimamisha treni, akatoa kichwa dirishani.

"Nimechoka kuwapita kama mawe, mama," alisema.

Akafukuzwa kazi. Hapo mtaa mzima ukamwagika relini, na treni hazikupita tena mpaka wakubwa walipotia saini kituo kijengwe.

Siku ya kuzindua kituo, wifi alifika amevaa gauni jipya, akakwama chini. Ngazi tupu, ndefu, nyembamba. Lifti zilikuwa kule kwenye maduka ya vioo.

"Panda wewe," alimwambia Pilipili. "Utanihadithia."

Pilipili hakupanda. Alipenya katikati ya wageni, akamshika mkono yule ofisa, akamburuta hadi chini ya ngazi.

"Mbebe," alisema.

"Mama, tuzungumze taratibu..."

"Mbebe mpaka juu. Jioni umteremshe. Na kesho uje tena."

Utepe haukukatwa siku hiyo. Baadaye ilijengwa njia ya mteremko, kali, ambayo wifi huipanda akipumzika katikati. Kliniki hakosi.

Dereva yule hakurudishwa. Anauza vipuri vya baiskeli nje ya kituo, na Pilipili, kila apitapo pale, humsalimia kwa heshima zote, kisha hupanda treni akiwa amekunja uso mpaka hospitali.