Onja Kwanza

Baba yangu haugui. Naanza na hilo ili apate haki yake: chakula chake ni kizuri. Boga la kuchemsha, maharagwe yasiyoungwa, uji wa soya, mchicha uliotiwa kwenye maji moto na kutolewa haraka. Wenzake wa rika lake wanatembelea fimbo, yeye anapanda kutoka sokoni Gitega mpaka kwangu, mtaa wa Yoba, bila kuhema. Kanisani wanamwita mwalimu wa afya, na akina mama wanaandika anachosema.

Alijifunzia Tanzania, kwenye kambi ya wakimbizi, nilikokulia mimi. Kanisa letu lilileta mafunzo ya lishe na baba akatoka humo amewaka moto. Mwili ni hekalu, akatuambia, na hekalu halipakwi mafuta ya kukaangia. Mafuta ya mgawo akawa anayabadilisha kwa soya. Chumvi aliitia kwa ncha ya kisu. Harufu ya dagaa wa jirani ilipoingia ndani, alitusimamisha tuombe mpaka ipite. Bibi, mama yake mzazi, ndiye aliyetulea baada ya mama kufariki, na alikula vyote hivyo bila kulalamika. Yeye alikuwa na jambo moja tu kichwani, kurudi kijijini kwetu Mwakiro kwa mdogo wake wa kike.

Vita viliwatenganisha. Bibi alikimbia, mdogo wake akabaki. Kila jioni bibi alitusimulia watakavyokutana: mkeka mmoja, mtungi mmoja wa urwarwa, ile pombe yetu ya ndizi, na mirija miwili, na hakuna atakayeinuka kabla mtungi haujaisha. Baba alicheka tu. Aliona ni hadithi za mzee.

Amani ilipokuja tukarudi. Lori likatushusha Muyinga, tukafika Mwakiro na magodoro yetu kichwani. Bibi mdogo, ndivyo tulivyomwita huyo mdogo wake, alikuwa amelilinda shamba la dada yake muda wote ule, amegombana na kila aliyetaka kulimeza, migomba ameipalilia. Kwa ndizi za migomba hiyohiyo alikuwa ametengeneza urwarwa. Akaja nayo kichwani, mdomo wa mtungi umezibwa kwa jani la mgomba. Majirani walikuwa wamejaa uani kutupokea.

Akautua mbele ya bibi. Akachomeka mrija, akavuta, akameza huku kila mtu akimwangalia. Kwetu anayeleta kinywaji huonja kwanza, ili anayepewa aone hakuna sumu. Kisha akamgeuzia dada yake mrija, na bibi akainama.

Baba akaushika mrija.

"Mama mdogo, utusamehe. Nyumba hii hatunywi hivi vitu."

"Mi nimeonja," akasema bibi mdogo. Kiswahili chake kilikuwa cha soko la Muyinga, alikokuwa akiuza ndizi. "We umeniona. Hii ndizi iko ya shamba ya mama yako."

"Nimeona. Mungu akubariki. Lakini mama yangu nataka aishi."

"Mwanangu, acha," bibi akasema.

Hakuacha. Akauinua mtungi ukiwa umejaa, akautoa nje ya ua na kuuweka njiani kwa heshima zote, kama mtu anayemsaidia mama mzigo. Nilikuwa binti mkubwa tayari na sikuelewa kwa nini majirani walitazamana namna ile. Bibi ndiye aliyenieleza baadaye, huku akilia. Mwenye kinywaji akishaonja mbele ya watu, ukamrudishia mtungi umejaa, umemwita mchawi wa sumu. Na baba alikuwa ameshatamka, mbele ya wote, kwamba anataka mama yake aishi.

Habari ikatembea. Ikasemwa kwamba bibi mdogo alitaka kummaliza dada yake abaki na shamba. Ndizi zake zikaanza kuozea sokoni. Watoto wakakatazwa kupokea hata muhogo mkononi mwake. Bibi akanituma nimwite, na yeye akanijibu akiwa mlangoni, bila kunikaribisha ndani.

"Mwambie dada yangu siwezi kuja. Nikija, na siku moja akafa, watasema ni mi."

Dawa ilikuwepo, na ilikuwa rahisi. Bibi alimwomba baba aende kwa mama yake mdogo, aite majirani, avute funda moja mbele yao. Funda moja, kisha ateme akitaka. Alimwomba amepiga magoti, mama mbele ya mwanawe, na mimi nilitamani ardhi inimeze.

"Siwezi kumkosea Mungu kwa sababu ya midomo ya watu," baba akasema. Kesho yake akampelekea bibi mdogo maziwa ya soya kwenye chupa safi. Chupa tuliikuta mlangoni mwa ua wetu imejaa.

Nilimchukia siku ile. Sikuona sababu ya kulificha, na silifichi sasa.

Bibi akaanza kukonda. Baba akajitahidi kweli, sitasema hakujitahidi. Alimpikia mwenyewe: boga, uji, supu ya karoti. Alimletea kitandani, akampulizia kijiko. Bibi akakiangalia kijiko, akamwangalia mwanawe.

"Onja kwanza," akasema.

Baba akadhani ni moto, akaonja. Bibi akafunga mdomo na kugeukia ukutani. Mchana vilevile, onja kwanza. Jioni vilevile. Siku ya pili baba akaelewa kwamba si habari ya moto, lakini aliendelea kuonja, na kila alipomeza bibi aligeukia ukutani. Alikufa hivyo, sahani imejaa kando yake. Bibi mdogo hakuja kuzika. Alisimama upande wa pili wa bonde, tulimwona kitambaa chake, na hakuna aliyekwenda kumwita.

Baba alihamia Gitega, na mimi nikiwa nimeolewa Yoba nikampokea. Anahubiri mboga mpaka leo, na watu wanapona kisukari, wanamletea shukrani. Jumamosi baada ya ibada wageni huja kumsikiliza mezani kwangu. Nampikia anavyotaka, bila mafuta, chumvi kwa ncha ya kisu. Wageni wakishaketi naleta sahani yake, nachota kijiko kimoja, natafuna polepole mbele ya wote, nameza, kisha namsogezea.

"Binti yako ana adabu ya zamani, mzee," mgeni mmoja alimwambia juzi.

"Ndiyo," baba akajibu. Akala yote, kichwa chini.